Agizo la Miezi Sita: Maisha ya Mama Euphrasie Feza Kitenge, Afisa wa Polisi (1978–2025)

Leo, Jumanne tarehe 4 Machi 2025, tunamrudisha Mama Euphrasie katika udongo wa Kasongo. Maisha yake yameandikwa na mdogo wake, Raphaël Kitenge, anayeyasoma mbele yenu. Wakubwa wa familia walimwomba asitie maneno makali, kwa kuwa wako watu hapa ambao kesho watarudi kazini. Amejaribu kuwatii.

Mama Euphrasie Feza Kitenge alizaliwa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, siku ya Ijumaa tarehe 14 Aprili 1978. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Kitenge Sumaili, mkulima wa mpunga na katekista, na Mama Anastasie Kalonda, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaushwa. Jina la Feza alipewa la bibi yake mzaa mama. Mama Anastasie, ambaye yuko nasi hapa amekaa kwenye mkeka, anasema mtoto huyo hakulia sana ila alikuwa mgumu wa kudanganywa. Ukimwambia samaki wamekwisha, alikwenda mwenyewe kufunua kapu.

Alisoma shule ya msingi Nyangwe kuanzia mwaka 1984 hadi 1990. Kisha alipelekwa Kasongo kwa shangazi yake, akaingia sekondari ya masista, tawi la ualimu. Vita ya mwaka 1996 ilifunga shule akiwa amebakiza mwaka mmoja, na diploma yake ya serikali aliipata mwaka 1998, miezi michache kabla ya vita nyingine kuanza. Alirudi Nyangwe akafundisha darasa la tatu kwa miaka saba, mingi kati ya hiyo bila mshahara. Watoto walipopigana, aliwasimamisha wawili mbele ya darasa na kumpa mmoja chaki. Mwenye chaki alisema yote aliyonayo bila kukatizwa, kisha aliipitisha kwa mwenzake. Wanafunzi wake, ambao leo ni watu wazima, wanasema adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko fimbo, kwa sababu ilibidi umsikilize mwenzako mpaka mwisho.

Kuna jambo la mwaka 1999 ambalo halikosi kutajwa katika maisha yake. Kasongo wakati huo ilikuwa mikononi mwa waasi. Baba yetu mdogo, Assani, alikamatwa sokoni Nyangwe na askari wa kundi hilo, akafungwa kamba, akapandishwa gari. Mzee Kitenge alimchukua Euphrasie, kwa kuwa ndiye aliyejua Kifaransa, wakaenda Kasongo kumwulizia. Katika ofisi ya polisi walimkuta askari yule yule aliyemkamata Assani. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, muhuri uko mbele yake.

Akawauliza, "Munakuja kulalamika juu ya nani?"

Mzee Kitenge alimtazama, akatazama na muhuri. Akajibu, "Hapana, mukubwa. Tulikuwa tunapita tu, tukasema tusalimie."

Walirudi Nyangwe kwa miguu. Baba mdogo Assani hakuonekana tena. Euphrasie alikuwa na miaka ishirini na moja. Baadaye aliwaambia watoto wake kwamba siku ile hakumkasirikia baba yake hata kidogo. Kilichomkaa rohoni ni kwamba mtu aliyekosewa hakuwa na meza nyingine ya kwenda.

Mwaka 2006, polisi ilipokuwa ikitafuta watu wenye diploma, aliacha chaki akaenda Kindu kufundishwa. Familia haikufurahi. Mama Anastasie alimwambia mwanamke mwenye sare haolewi. Alirudi Kasongo mwaka 2007, akapewa kazi ya kupokea malalamiko, na hapo ndipo alipomwonyesha mama yake kwamba amekosea.

Bwana Magloire Muhindo alikuwa mfanyabiashara wa dhahabu, mtu wa Butembo, akipita Kasongo kwenda machimbo ya Kabambare. Baiskeli yake iliibwa, akaja kulalamika. Euphrasie akaandika: ya rangi gani, tairi za namna gani, kengele iko upande gani. Magloire hakukumbuka upande wa kengele, akaambiwa aende akakumbuke. Kesho yake alirudi na jibu. Keshokutwa alirudi kusema kuna alama kwenye kiti aliyoisahau. Mara ya nne alikuja kuongeza kwamba breki ya nyuma hulia.

"Baba Muhindo," Euphrasie alimwambia, "kinga yako, hii baiskeli, ilionekana tangu juzi. Iko pale inje, umeipita ukiingia. Sasa haya maelezo ni ya nini?"

Magloire alisema hakuiona. Inawezekana ni kweli. Mahari ilipelekwa Nyangwe, na ndoa ilifungwa kanisani Kasongo siku ya Jumamosi tarehe 6 Desemba 2008. Mungu aliwapa watoto watatu: Emmanuella, Olga na Emilienne.

Katika kazi alipanda hatua kwa hatua, bila mtu wa kumsukuma. Mwaka 2011 alipewa mamlaka ya kufanya upelelezi na kuandika PV, yaani hati za mashitaka. Mwaka 2014 aliwekwa kwenye ofisi ya kulinda wanawake na watoto. Mwaka 2018 alipelekwa Wamaza, upande wa Kabambare, ambako kwa miezi sita ya kwanza ofisi yake ilikuwa kiti kimoja chini ya upenu wa ghala la mpunga. Watu wa Wamaza walimpenda kwa sababu alikuwa akiwasomea alichoandika kabla hawajaweka kidole. Aliwaambia, "Mutu hasaini kitu hajakisikia." Mwaka 2021 alirudi Kasongo akiwa Komiseri Msaidizi, mkuu wa malalamiko katika kamandi ya polisi ya ukanda wa kusini, inayosimamia Kasongo na Kabambare.

Tarehe 9 Mei 2023 lilisomwa agizo kutoka mkoani. Kwa sababu ya makundi yenye silaha yaliyokuwa yakisumbua Kabambare, uongozi wa polisi katika ukanda wa kusini uliwekwa mikononi mwa maafisa wa jeshi kwa muda wa miezi sita. Komanda mpya alikuwa meja. Jina lake limeandikwa katika agizo, na familia imekubaliana lisitajwe hapa kaburini.

Ni vizuri ijulikane kwamba Euphrasie hakupinga siku hiyo. Alipiga saluti kama wengine. Nyumbani alisema watu wa Kabambare wamechoka kukimbia na vyungu kichwani, na miezi sita si mingi.

Jumatatu tarehe 19 Juni mwanamke aitwaye Aïcha aliingia ofisini kwake, amefika kutoka Wamaza. Mume wake, Nourdine, alikuwa akipeleka chumvi na sabuni kwa baiskeli. Jumamosi iliyotangulia wanajeshi walimsimamisha kwenye bariera ya barabarani, wakamwambia anawapelekea chakula watu wa msituni. Wanawake wawili waliokuwa wakitoka shambani walimwona akiingizwa katika kambi.

"Nilienda kwa kambi," Aïcha alisema. "Walisema haiko kule. Lakini kinga yake niliiona, iko kwa ukuta. Nikauliza, na hii? Wakasema ya mutu mwingine."

"Umeijuaje ni yake?"

"Nilifunga mimi mwenyewe kitambaa kwa kiti. Mama, mi sitafuti maneno na masoda wa kambi. Nataka tu mutu aandike kwamba Nourdine alitoka nyumbani akiwa muzima."

Euphrasie aliandika kurasa nne. Aliwasikiliza na wale wanawake wawili wa shambani. Kesi ya mwanajeshi hupelekwa kwa mwendesha mashitaka wa jeshi, na yeye alijua hivyo. Aliandika kila kitu kwa kufuata sheria, pamoja na barua ya kuisindikiza dosie, yaani jalada la kesi. Ila barua ya kutoka ofisini ilihitaji saini ya komanda.

Meja alimwita. Wenzake wawili walikuwepo ofisini na wamesimulia.

"Afande Euphrasie, hii dosie ni ya jeshi," alisema.

"Ndiyo, afande. Ndiyo maana nimeandika ipelekwe kwa mwendesha mashitaka wa jeshi."

"Jeshi ni mimi."

"Na polisi, afande?"

"Pia mimi."

Meja hakusema kwa hasira. Alikuwa akimweleza jinsi mambo yalivyo. Aliifunga dosie, akaiweka katika mtoto wa meza, akamwuliza kama watoto wanaendelea vizuri na shule. Dosie hiyo haikutoka tena. Aïcha alirudi wiki iliyofuata, na wiki nyingine, na kila mara Euphrasie alimpa kiti, kisha akamrudisha mikono mitupu. Alimwambia Magloire jioni moja wakati wa kula, "Leo mimi ndiye niko nyuma ya meza. Na muhuri uko mbele yangu."

Hapo ndipo alipompigia simu wakili wa Kindu aliyewahi kufanya naye kazi, Maître Pascaline. Alimwuliza jambo moja: je, sheria inaruhusu mwanajeshi kuwekwa juu ya polisi kwa agizo la namna hii? Maître alimjibu kwamba Katiba imeliweka jeshi mahali pake na polisi mahali pake, na polisi iko chini ya mamlaka ya kiraia. Agizo linaweza kushitakiwa, na korti inaweza kulifuta. Lakini kuna njia ya kupita. Kwanza umwandikie yule aliyesaini, umwombe aliondoe mwenyewe. Umpe miezi mitatu. Akinyamaza miezi mitatu, ukimya wake unahesabiwa kuwa amekataa, na ndipo mlango wa korti unafunguka.

"Miezi tatu ya kungoja," Euphrasie alisema, "na agizo lenyewe ni la miezi sita."

"Andika tu, mama," Maître alimwambia. "Tutaona."

Aliandika tarehe 24 Julai 2023. Barua hiyo ipo, na ni ya adabu kabisa. Katikati yake kuna maneno ambayo Maître alitaka kuyaondoa kwa kuwa si ya kisheria, na Euphrasie akakataa: kwamba jeshi lina adui na linajua kupigana naye, lakini polisi haina adui, ina watu, na mtu aliyeumizwa na mwanajeshi hawezi kutumwa kwa mwanajeshi kulalamika.

Hakujibiwa. Miezi mitatu ilikwisha tarehe 24 Oktoba. Tarehe 9 Novemba agizo nalo lilikwisha muda wake, na kesho yake likatoka la pili, maneno yale yale, meja yule yule, miezi sita. Tarehe 20 Novemba Euphrasie alifika Kindu kwa pikipiki, ametapakaa tope hadi kwenye nyusi, akaweka mashitaka yake mezani kwa karani wa korti.

Kuanzia siku hiyo maneno yalisambaa Kasongo. Walisema anataka ukomanda. Walisema ametumwa na wanasiasa, na wengine wakasema ametumwa na watu wa msituni. Ili kukata maneno hayo aliandika barua nyingine, akaibandika mwenyewe ukutani ofisini, kwamba hata korti ikimpa haki hataomba cheo hicho wala hatakipokea. Barua ilibanduliwa kabla ya saa sita mchana. Mwezi wa Januari 2024 alihamishiwa kituo kidogo ng'ambo ya Wamaza, siku nzima kwa pikipiki wakati wa kiangazi, mahali pasipo na buku la malalamiko. Aliliomba mara tatu. Mwishowe akatumia daftari la shule la Emilienne.

Magloire alimfuata huko mara moja kumsihi aache. Ameruhusu maneno yao yasomwe.

"Mama Emmanuella," alimwambia, "mi siko mutu wa sheria. Mi niko mutu wa mizani. Hii kitu unaipima kila siku, na kwao haina uzito hata wa punje."

"Kwa Aïcha iko na uzito."

"Na kwetu? Watoto wanaishi na mama wa simu."

 Euphrasie alisema, "Nikiacha, nitamwambia nini akikuja?" 

Kesi ya kwanza ilisikilizwa tarehe 14 Machi 2024, na hukumu ikasomwa tarehe 18 Aprili. Ilichukua dakika chache. Korti haikusema kwamba agizo ni halali, na haikusema si halali. Ilisema agizo la tarehe 9 Mei limekwisha muda wake na nafasi yake imechukuliwa na jingine, kwa hiyo hakuna tena kitu cha kuhukumu.

Lakini alikuwa amekwisha kuliona hilo. Tangu tarehe 13 Novemba alikuwa amemwandikia aliyesaini kuhusu agizo la pili, siku tatu baada ya kutoka. Alingoja miezi mitatu yake, na tarehe 15 Februari akashitaki. Korti ilipanga kusikiliza mwezi wa Juni. Agizo la pili lilikufa tarehe 10 Mei, na la tatu likazaliwa tarehe 11. Mwezi wa Julai hukumu ikawa ile ile, mpaka herufi zake. Maître Pascaline anasema siku hiyo Euphrasie alikaa kwenye benchi la korti akihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la tatu. Miezi mitatu ya kungoja, wiki za kuandikisha, miezi ya kupangiwa tarehe. Alihesabu mara mbili. Kila mara hesabu ilipofika mwisho agizo lilikuwa limekwisha kufa.

"Hawakuniambia hapana," alisema. "Wangeniambia hapana ningejua pa kukaa."

Kwa agizo la tatu aliamua asipoteze hata siku moja. Barua yake ilipokelewa tarehe 13 Mei 2024. Tarehe 16 Agosti mashitaka yalikuwa kortini, na Maître alikwenda kwa karani kila wiki kuomba tarehe ya karibu. Wakapewa Alhamisi tarehe 24 Oktoba. Agizo lilikuwa na uhai hadi tarehe 11 Novemba. Kwa mara ya kwanza korti ingeliangalia likiwa hai, na Euphrasie aliwapigia simu watoto wote watatu, mmoja mmoja, kuwaambia.

Wakati huo alikuwa mgonjwa na hakuwa amemwambia mtu. Miguu ilikuwa imevimba. Safari ya kwenda Kindu aliifanya kwa siku tatu, amevaa kandambili za mume wake kwa kuwa viatu vyake havikumwingia. Kortini wakili wa upande wa pili alisimama akasema amepewa dosie hiyo juzi tu, anaomba muda wa kuisoma. Hakimu akaahirisha hadi tarehe 21 Novemba.

Euphrasie aliomba ruhusa ya kusema. Alisema kwa Kifaransa, kisha, kwa sababu kulikuwa na watu nyuma waliokuja kusikiliza, akarudia kwa Kiswahili.

"Mheshimiwa, agizo hili litakufa tarehe kumi na moja. Tukirudi tarehe makumi mbili na moja, mutaniambia tena hakuna kitu. Mimi siombi munipe haki leo. Naomba tu tarehe yoyote mbele ya ile."

Hakimu alifungua buku lake, akapindua kurasa taratibu, mbele na nyuma. Maître anasema alitafuta kweli.

"Hakuna nafasi, mama," alisema.

Siku iliyofuata Maître alimpeleka kwa daktari, palepale Kindu. Mafigo yake yalikuwa yameharibika kwa muda mrefu, kwa sababu ya shinikizo la damu ambalo hakulitibu. Daktari alimshauri aende Bukavu kusafishwa damu kwa mashine. Alisema ataenda akimaliza jambo moja. Tarehe 12 Novemba lilitoka agizo la nne, na tarehe 14 akaandika barua ya nne. Mwandiko wake katika barua hiyo si ule tunaoujua.

Mwezi wa Desemba alirudishwa Kasongo akiwa amebebwa. Familia ilijipanga kumpeleka Bukavu mwisho wa Januari 2025. Goma ikaanguka mikononi mwa waasi, njia zikafungwa, na katikati ya Februari Bukavu nayo ikaanguka. Tarehe 3 Februari alilazwa hapa Kasongo. Waganga na wauguzi waliomtunza wamefanya yote yaliyokuwa katika mikono yao, na familia inawashukuru. Mashine hawakuwa nayo.

Ukimya wa miezi mitatu kwa barua ya nne ulikwisha tarehe 14 Februari. Maître Pascaline aliandaa mashitaka, kurasa saba, akayatuma kwa mtu wa pikipiki ili Euphrasie asaini. Mvua ilikuwa nyingi, yalifika Jumamosi tarehe 1 Machi baada ya chakula cha mchana. Mkono wake haukuweza tena kushika kalamu, na macho yalikuwa yamefifia. Emmanuella, binti yake mkubwa, alileta wino wa muhuri ili aweke kidole.

"Mama, lete kidole, nitakusaidia."

"Kwanza unisomee."

"Mama, ni ile ile. Unaijua yote."

"Nisomee, Emma. Mutu hasaini kitu hajakisikia."

Emmanuella akaanza kusoma. Raphaël, mdogo wake Euphrasie, alikuwa amesimama mlangoni. Kwenye ukurasa wa kwanza Euphrasie alimkatiza mara mbili, mara moja kusahihisha tarehe. Kwenye ukurasa wa pili alisikiliza amefumba macho akitikisa kichwa. Katikati ya ukurasa wa tatu, pale linapotajwa jina la Nourdine na siku aliyokamatwa, alishika mkono wa binti yake kama anayetaka asimame kidogo. Emmanuella akangoja. Alidhani mama anafikiri. Baada ya muda akaendelea kusoma, akasoma hadi ukurasa wa saba, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na mama yake hakuwa akisikia tena. Wino ulikuwepo na kidole kilikuwepo, na hakuna aliyethubutu kumwekea.

Hakuamka. Alikata roho Jumapili tarehe 2 Machi 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita, miezi kumi na siku kumi na sita.

Familia ilimwuliza Maître Pascaline kama mtu mwingine anaweza kusaini. Alieleza, akilia, kwamba haiwezekani. Barua ya kumwomba aliyesaini ilikuwa ya Euphrasie, na haki ya kushitaki kwa barua hiyo imekwenda naye. Mtu mwingine akitaka, aandike barua yake mwenyewe, angoje miezi mitatu yake. Agizo la nne litakwisha tarehe 12 Mei. Jana jioni wakubwa walikaa wakauliza nani ataandika. Walikuwepo wanaume kumi na moja, baadhi yao polisi waliofundishwa kazi na yeye. Mwandishi wa wasifu huu ni mwalimu wa shule ya serikali na ana watoto watano. Hakunyosha mkono. Hakuna aliyenyosha.

Familia iliomba pia apewe saluti ya polisi kaburini, kama afisa aliyetumikia miaka kumi na tisa. Ombi hilo lilipaswa kupita kwa komanda, na jibu halijafika. Wenzake waliokuja wamekuja na nguo za nyumbani. Tunajua ni nani, na tunawashukuru bila kuwataja.

Marehemu amemwacha mama yake mzazi, Mama Anastasie Kalonda. Mume wake, Bwana Magloire Muhindo. Watoto wake Emmanuella, Olga na Emilienne. Ndugu zake wanne waliobaki, pamoja na watoto wao. Wakili na rafiki yake, Maître Pascaline. Na wengi wa Nyangwe, Kasongo na Wamaza ambao aliwasikiliza. Amemwacha pia Mama Aïcha, ambaye si ndugu wa damu, na ambaye alitembea siku mbili kufika hapa. Jana aliuliza sasa aende kwa nani. Ndipo akaomba jambo dogo: kwamba jina la mume wake lisomwe mara moja mbele ya watu, kwa kuwa halijapata kusomwa katika ofisi wala korti yoyote. Basi tunalisoma. Nourdine, mume wa Aïcha, alitoka nyumbani Wamaza siku ya Jumamosi tarehe 17 Juni 2023, akiwa mzima.

Mungu ampokee Euphrasie, ampe pumziko na amani ambayo sisi hatukuweza kumpa.